Vichwa Tumboni mwa Kalooli

Ndege pekee wa kale niliyewahi kumgusa nilimtengeneza mwenyewe, kwa matete, seng'enge, magazeti na uji wa muhogo, barazani kwa nyumba ya kupanga kule Namuwongo, karibu na reli. Alinizidi urefu, alikuwa na kipara, na alikuwa na makalio ambayo jirani yangu hakuyasamehe mpaka mwisho. Wataalamu wa mambo ya kale wangemwona wangelia. Lakini wataalamu wote walikuwa wameshaondoka Kampala, ndiyo maana kazi ikaniangukia mimi.

Nilikuwa mwalimu wa bayolojia katika shule ya wasichana. Ni Mkenya, na nilivuka mpaka nikiwa msichana mbichi niliyeamini kwamba Kampala kuna mishahara na maisha. Vilikuwepo vyote viwili, kwa muda. Kisha wanajeshi wakachukua serikali, Wahindi wakafukuzwa, sukari ikawa hadithi, na walimu wa kigeni wakaanza kukumbuka kwamba wana wazazi wagonjwa makwao. Mzungu aliyenitangulia aliondoka mbio hata akaacha kikombe chenye chai mezani, pamoja na kabati la vitabu. Katika kitabu kimoja kulikuwa na sura nzima kuhusu ndege waliokwisha duniani kabla ya mtu yeyote kuwapa majina.

Niliwapenda kwa sababu isiyo ya kitaalamu hata kidogo: walikuwa na dharau. Kulikuwa na ndege wa kisiwa cha Bukini mwenye mapaja ya ng'ombe, aliyetaga yai la kujaza ndoo. Kulikuwa na wale wa Amerika ya Kusini, wasioruka, wenye vichwa vikubwa na midomo ya shoka, waliowakimbiza wanyama wengine uwandani bila kuomba radhi. Na kulikuwa na korongo mkubwa, jamaa wa huyu kalooli wetu wa Kampala, ambaye akisimama wima mtu mzima alibaki kumtazama kidevu.

Asiyemjua kalooli nimweleze. Ni korongo mwenye kipara chenye madoa na mfuko wa nyama unaoning'inia shingoni, na jua likiwa kali hujinyea miguuni ili apoe. Husimama juu ya jalala amekunja shingo kama karani anayesubiri kustaafu. Miaka ile taka za mji ziliacha kuzolewa, na makalooli wakaja kwa wingi, wakajenga viota kwenye miti ya barabara za wakubwa, wakawa wanawanyea wapitao bila kuuliza cheo. Nadhani ndio raia pekee waliokuwa na uhuru huo.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, hawa ndege wameshakufa. Watatusaidia nini sisi?"

Nikamjibu, "Watakuja kwenye mtihani."

Jibu la kweli nilikuwa nalo, ila nililibana. Ndege wote wakubwa wa kitabu kile walikuwa wakubwa wa maisha. Kila mmoja alitamba katika nchi yake, akala alichotaka, hakuwa na wa kumuuliza, mpaka siku chakula kilipopungua na ukubwa wenyewe ukageuka ugonjwa. Waliobaki ni wadogo wao, wenye kula chochote, wale wale wanaogombea utumbo wa samaki kwenye jalala la soko la Owino. Sasa Rais wetu naye alikuwa ameshatangazwa kuwa Rais wa maisha. Mwalimu anayependa mshahara wake hafundishi somo hilo kwa sauti.

Mwaka ninaousimulia, kuwa Mkenya Kampala lilikuwa kosa tayari. Serikali mbili zilikuwa zimegombana, na sisi wenye lafudhi ndio tuliolipa. Kwenye vizuizi vya barabarani askari waliwateremsha abiria wa basi, wakawaambia waseme maneno mawili matatu, na aliyesema vibaya akawekwa kando. Niliwajua watu walioondoka na basi la asubuhi na kwao hawakufika. Mama yangu alikuwa ng'ambo ya mpaka, safari ya kutwa moja tu, na sikuwa na njia ya kumfikia nikiwa hai. Kila jioni nilikuwa nafikiria jambo hilo na hasira inanipanda.

Juu ya shule yetu aliwekwa kapteni ambaye zamani alisimamia bohari ya jikoni kambini. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye bastola aliyekalishwa kwenye kiti cha mkuu wa shule bila kuambiwa afanye nini nacho. Siku moja akaniita.

"Mwalimu, iko maonyesho ya shule yote, siku ya sherehe. Mimi nataka kitu kubwa. Hapana leta mahindi. Kila shule iko na mahindi. Mwaka jana sisi tulileta muhogo ndefu, wakubwa wakanicheka."

Nikamletea kitabu cha Mzungu, nikamfungulia picha ya korongo mkubwa. Aliitazama kwa muda mrefu, akaipima kwa kidole.

"Hii ilikuwa ya kwetu?"

"Mifupa ya jamaa zake imeonekana Afrika Mashariki, afande."

"Ya Uganda au ya Kenya?"

"Zamani zile hakukuwa na mpaka."

Akafikiri. "Kama hapana mpaka, basi ilikuwa ya kwetu."

Mpaka leo sijapata hoja ya kuivunja hiyo. Akaniamuru nimtengeneze, awe mrefu kupita yeye, na manyoya awe nayo. Kisha akashusha sauti. Ndege akiwafurahisha wakubwa, yeye mwenyewe atanipeleka kwa gari lake mpaka mpakani Busia, na kizuizi chochote kitafunguka. "Lakini wakinicheka tena..." akasema, akatazama dirishani. Mambo yakawa wazi. Ndege akipendeza, naenda kwa mama yangu. Asipopendeza, huenda nikaenda kule walikokwenda wale wa basi la asubuhi.

Chumba cha sayansi cha shule kilikuwa kimejaa magodoro na kreti za bia za Kapteni, kwa hiyo ndege nikamjengea nyumbani.

Nyumba yetu ya Namuwongo ilikuwa na vyumba vilivyopangana, na mlango uliofuata wangu ulikuwa wa sajini mmoja wa polisi na mkewe, watu wa West Nile, kaskazini alikotoka Rais mwenyewe. Walikuwa wazazi wa mapacha, hivyo Kampala nzima iliwaita Nalongo, yaani mama, na Salongo, yaani baba, kama inavyowaita wazazi wote wa mapacha, hata kama si Waganda. Mapacha wenyewe walikuwa kijijini kwa bibi yao. Salongo alikuwa Mwislamu, Nalongo Mkatoliki, na ukutani kwao rozari na tasbihi vilining'inia kwenye msumari mmoja. Nilimuuliza Nalongo kama hawagombani. Akasema wanagombana sana, ila juu ya chumvi.

Yeye ndiye aliyejua kupika gundi. Nilitaka kununua ya dukani, akaniangalia kwa huruma. Duka gani, na gundi gani? Akachukua unga wa muhogo, akaukoroga motoni mpaka ukawa mzito na kung'aa, akatia majivu kidogo ili mende wasije upesi. Mimi nilifunga matete kwa seng'enge nikapata mifupa. Kisha ikaja kazi ya nyama, yaani magazeti, tabaka juu ya tabaka. Hapo ndipo penye shida.

Kila gazeti lilikuwa na uso wa Rais ukurasa wa kwanza, na mara nyingi wa tatu, na akijisikia vizuri hata kwenye ukurasa wa michezo. Watu walikuwa wameshajifunza kuishi naye. Muuza karanga wa Nateete alipokunja koni aliugeuza uso ndani, upande wa karanga. Hakuna aliyekalia gazeti kabla ya kulikagua. Mchinjaji alirudia majani ya ndizi, akasema jani halina uso. Na mimi hapa nilitaka kumpaka Rais uji wa muhogo, nimbandike kwenye makalio ya ndege, kisha nimpige brashi ya rangi nyeupe. Kapteni angeweza kupita wakati wowote kukagua, na alikuwa akipita kweli.

Tukachukua mikasi. Tukawa tunaikata kila picha na kuiweka pembeni kwenye katoni ya sabuni, kisha gazeti lililobaki na tundu lake ndilo linaingia kwenye uji. Nalongo alikuwa fundi. Alizunguka kichwa taratibu, ulimi nje.

"Usikate masikio, Mwalimu. Ukikata sikio yake, hiyo ni vita."

Tulifanya hivyo kila Jumamosi na kila Jumapili baada ya misa yake na ibada yangu. Ndege akanenepa. Nalongo hakuacha kumtoa kasoro.

"Hii ndege yako iko na matako ya mke wa waziri."

"Alikuwa mkubwa, Nalongo. Alikula vizuri."

"Ndiyo maana ilikufa. Hii haikuweza kuinama."

Mchana mmoja wa Jumamosi nilikuwa ndani ya mbavu za ndege, nafunga seng'enge, nikasikia mikasi imesimama. Nalongo alikuwa amesimama juu ya ile katoni ya sabuni, mikasi mkononi. Ilikuwa imejaa mpaka juu.

"Mwalimu," akasema polepole, "sisi tumefanya nini?"

"Nini tena?"

"Tumekata kichwa ya Rais."

Nikatoka, nikachungulia. Walikuwa wanatutazama kutoka ndani ya katoni, mmoja juu ya mwingine, wenye kofia na wasio na kofia, wanaocheka na waliokasirika, wote bila shingo. Kwa kumwogopa mtu yule tulikuwa tumemkata kichwa kwa bidii, tukakihifadhi, tukarudia. Nilianza kucheka mimi. Nalongo akaketi chini akacheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani, kila tukitaka kuacha mmoja wetu anatazama katoni tunaanza upya. Tulikuwa bado tunafuta machozi Salongo alipoingia uani na sare yake, amekuja kula.

"Hii nini?" akauliza.

"Vichwa," akasema mkewe.

Salongo akainama, akatazama. Akavua kofia yake ya polisi, akaiweka juu ya mtungi, akakaa kwenye kigoda. Sijapata kuona mtu anakaa taratibu namna ile. Kazi yake ilikuwa kukamata watu kwa mambo madogo kuliko hayo, na hapo alikuwa nayo nyumbani kwake, mkewe ameshika mikasi.

"Tutachoma," nikasema.

"Moshi ya karatasi kila mtu anajua. Huyu wa nyuma," akaelekeza kidevu ukutani, "anakula na wale wapelelezi wa miwani nyeusi. Atakuja kuuliza tunachoma nini."

"Chooni, basi," akasema Nalongo.

"Choo moja, nyumba sita. Karatasi inaelea. Mtu ataenda asubuhi, ataangalia chini, atakuta Rais anamwangalia."

Nalongo akafunika mdomo. Mimi nikapendekeza tuzifukie. Salongo akatikisa kichwa; siku hizi, akasema, mtu akionekana anachimba, majirani wanaanza kuulizana nani hajaonekana. Mbuzi wa jirani alipewa uso mmoja kwa majaribio. Aliutafuna nusu, akautema.

Salongo akamtazama ndege, ambaye tumbo lake lilikuwa bado wazi, mbavu za matete zikionekana.

"Alitoka kwa gazeti," akasema. "Arudi kwa gazeti. Weka ndani ya tumbo, funga."

Sikuwa na mawazo bora. Tukaanza kubandika vichwa ndani ya tumbo, uso ukitazama katikati. Mimi nilivibandika ovyo, na Salongo akanizuia mkono. Hata humo ndani, akasema, asiwe amepinduka. Akavua shati la sare, akaingia mwenyewe na bakuli la uji, akabandika vyote kwa mistari, kimoja baada ya kingine, kichwa juu, kofia juu, kama askari kwenye gwaride. Alitumia mchana wote na chakula chake kikapoa. Nalongo alimwambia wanajeshi wenyewe hawajapangwa vizuri hivyo. Akasema kama siku moja litapasuka, angalau wasikute amesimama kwa kichwa. Jioni tulilifunga tumbo kwa tabaka tatu za karatasi tupu, tukalipaka rangi.

Manyoya tuliyaokota Owino, penye jalala, makalooli wakitutazama bila haya tukiokota vilivyowadondoka. Tuliyafua, tukayaanika kwenye kamba pamoja na nguo za ndani za Nalongo, na wapita njia wakauliza kama tumekuwa waganga. Mdomo niliuchonga kwa ubao wa kreti ya bia ya Kapteni. Yeye mwenyewe alipokuja kumwona ndege amesimama kamili, alimzunguka mara mbili, akajipima naye bega kwa bega, akafurahi kwamba ameshindwa.

Siku ya maonyesho lori la jeshi lilimbeba ndege akiwa amesimama, mimi nimemshika mguu. Watu walikimbia pembeni ya barabara wakipiga kelele. Uwanjani tulimweka kati ya meza ya mahindi na meza nyingine ya mahindi. Salongo alikuwa zamu hapo na polisi wenzake, kuzuia watu wasiguse. Nilimwona akizuia kwa nguvu kuliko mtu mwingine yeyote uwanjani.

Mkubwa aliyekuja alikuwa brigedia, na nyuma yake walikuja wakubwa wadogo. Alipita mahindi yote bila kugeuza shingo. Kwetu akasimama. Kapteni akajikaza mpaka vifungo vikataka kuruka.

"Hii nini?"

"Ndege ya Uganda, afande! Ya zamani sana!" akasema Kapteni, kisha akanisukuma mbele.

"Inakula nini?"

"Mizoga, mkubwa," nikasema. "Chochote kilichokufa."

Akacheka peke yake, kisha wote wakacheka. "Na kwa nini zote zilikufa?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Walikuwa wakubwa mno, walikula mno, nchi ikashindwa kuwabeba. Nililiona hata usoni mwa Kapteni, ambaye nilimfundisha somo lote ili asiaibike, na sasa macho yake yalikuwa yananisihi nisiliseme.

"Njaa, mkubwa. Chakula kiliwaishia."

Brigedia akatazama mahindi kushoto, akatazama mahindi kulia. "Kwa sababu hawakuwa na serikali," akasema.

Tulipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu hata viganja vikauma. Ndipo akainua fimbo yake na kumgonga ndege tumboni, mara moja, mara mbili. Tumbo halikulia kama kitu kitupu. Lilitoa sauti nzito, ya kushiba.

"Tumbo imejaa," akasema. "Hii haikufa na njaa. Hii ilikula mtu."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka. Nilidhani ataagiza kisu. Badala yake akaagiza ndege apelekwe nyumbani kwake Kololo, asimamishwe ukumbini wageni wamwone. Ile nyumba ilikuwa ya Mhindi mmoja aliyefukuzwa, na ilikuwa na ukumbi mkubwa usio na kitu cha kuwekwa. Akauliza nani atamchunga ndege, maana watoto wake walikuwa na mikono isiyotulia.

"Mimi, afande," akasema Salongo. Alikuwa ameshapiga hatua mbele kabla ya swali kwisha.

Baadaye, nyuma ya lori, nilimuuliza kama ana wazimu.

"Panya," akaniambia. "Panya inapenda muhogo. Nani atafukuza?"

Kapteni alitimiza ahadi. Asubuhi moja alisimamisha gari lake kwenye baraza letu na kunipa muda wa kufunga sanduku moja. Nilimsihi Nalongo twende wote, hata kama ni kwa wiki chache. Alisema mumewe anachunga ndege, na yeye anamchunga mumewe, kwa hiyo hakuna nafasi. Tulikumbatiana, na aliniambia nimsalimie mama yangu na nimwambie kwamba nimefanya kazi ya kijinga vizuri sana. Vizuizi vyote vilifunguka. Njiani Kapteni alisimama kununua samaki, akalalamikia bei. Pale Busia alizima gari, akaniambia bila kunitazama, "Usirudi, Mwalimu. Mimi nikipata ndege ingine nitaruka pia." Mama yangu alinipokea kwa vigelegele, na mimi nililia kama mtoto kwenye ukingo wa shamba.

Sikurudi mpaka serikali ile ilipoanguka na barabara zikatulia kidogo. Namuwongo nilikuta nyumba yetu haina mabati. Nalongo nilimkuta Owino anauza nguo kuukuu, amekonda, ulimi uko pale pale. Alinikalisha juu ya furushi la makoti, akafukuza wateja, akanisimulia.

"Ile brigedia ilikimbia na friji, Mwalimu. Friji! Bibi yake ilikaa nyuma ya lori inakumbatia friji. Ndege wakaacha. Salongo alikuwa amechunga hii ndege miaka yote, amenunua paka na pesa yake, kila tundu anaziba na uji. Alikuwa hata hacheki tena tukizungumza juu yake."

Bunduki zilipokaribia mji, Salongo alikuja nyumbani asubuhi bila kofia. Nyumba ya brigedia ilikuwa imejaa watu wanaobeba viti na mapazia, na yeye mwenye sare ya serikali iliyokufa hakuthubutu kubaki humo na kumpasua ndege mbele yao. Akamwambia mkewe kwamba amekwisha. Wakilipasua lile tumbo watakuta nyuso zote zimesimama kwa mstari, kichwa juu, kama picha za kanisani, na mchungaji wake ni yeye. Watasema alikuwa anamwabudu.

"Nikamwambia, sema ukweli. Sema tulikata kichwa, tukaogopa, tukaficha. Akaniangalia hivi, Mwalimu, kama mimi ni mtoto. Akasema, 'Nalongo, nani atacheka?'"

Akachukua blanketi, akafuata watu wa kwao waliokuwa wanatembea kwenda kaskazini.

Waporaji walimpasua ndege kweli, wakitafuta pesa. Wanajeshi wa Tanzania walipofika wakaona kile kitu, wakauliza nani alikuwa anakichunga, na yule jirani wa nyuma, ambaye sasa alikuwa anakula na hawa wapya, akawaleta Namuwongo. Walikuja na kipande cha tumbo mkononi, nyuso nne zimebandikwa vizuri. Nalongo alijua ndio mwisho wake. Kwa kuwa ulikuwa mwisho, akawasimulia yote, kuanzia kwenye uji wa muhogo. Masikio yasikatwe. Mbuzi. Choo.

"Wakacheka," akaniambia. Alikuwa ameshika koti la mtu kifuani. "Mmoja akakaa chini barabarani, bunduki kando, analia na kucheka. Mkubwa wao akaja, wakaniambia, 'Mama, hebu rudia hapo pa choo.' Nikarudia. Wakanipa nyama ya mkebe. Wakaenda."

"Na Salongo?"

"Sijui iko wapi. Nimetuma watu Arua, nimetuma mpaka Sudan. Kila mtu anaenda huko nampa maneno moja tu. Hapana mwambie nyumba haina bati. Hapana mwambie mimi nimekonda. Mwambie walicheka."

Niliyabeba maneno hayo na mimi. Kwa miaka, kila nilipokutana na mtu wa West Nile, kwenye basi au sokoni au kwenye mkutano wa walimu, nilimuuliza, na nikamwachia ujumbe. Nalongo alifariki akiwa bado anaulizia. Wanafunzi wangu wa baadaye waliuliza lile swali la zamani, kwamba ndege waliokufa watatusaidia nini, na sikuwajibu tena kuhusu mtihani. Niliwafundisha somo lote kwa sauti, wakubwa waliokula mno na wadogo waliobaki, na walicheka mahali pa kucheka.

Haya nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo Salongo alijua kuisoma.